Vitabu vya hesabu vya OpenStax, kuanzia kujumlisha mpaka kalkulasi: nilivyovisoma nikiwa Dodoma

Wadau, hii ni riviu ya vitabu vya hesabu vya OpenStax, vile vya bure vya kupakua. Nimevisoma mwaka mmoja na miezi kama minne hivi nikiwa hapa hapa Dodoma, nilianza na kile cha kujumlisha na kutoa na sasa hivi niko kwenye kalkulasi sura ya integresheni. Wenzangu chuoni wananiuliza kila siku ulifanyaje ulifanyaje, nikianza kueleza tu kipindi kinaingia, kwahiyo leo jumapili duka limefungwa nimekaa niandike yote kwa mara moja.

Kwanza mjue natokea wapi ili mnipime vizuri. Fomu foo nilipata F ya hesabu. Nikapita cheti, nikaingia diploma ya uhasibu masomo ya jioni, mchana nauza duka la vifaa vya ujenzi Nkuhungu, misumari, saruji, rangi, mabati. Semesta ya pili kuna somo la hesabu za biashara, ndani yake mna kalkulasi ya kutafuta faida kubwa na gharama ndogo, nikala sapu, yaani nikafeli nikatakiwa kurudia mtihani. Nikatafuta tuisheni, nikalipa elfu themanini, siku ya kwanza kabisa mwalimu kaandika dy/dx ubaoni na sote tukanakili, wiki tatu nanakili tu. Hakuna aliyeuliza kama humu ndani yupo asiyejua kugawanya sehemu. Nilikuwepo mimi. Mtu wa miaka 31, napima misumari kila siku robo, nusu, nusu robo, na ukiniwekea kwenye karatasi robo tatu gawanya kwa moja ya nane naganda. Na nawaambia ukweli, sikuwa peke yangu, tulikuwa wengi mule ila kila mtu anaogopa kusema.

Mdogo wangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndo alinitumia hivi vitabu. Akaniambia dada usianze na cha kalkulasi, anza na cha chini kabisa hata kama unaona aibu, kinaitwa Prealgebra.

Sasa hawa OpenStax ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, kipo Houston kule Texas, Marekani, walianza kutoa vitabu 2012. Vinaandikwa na walimu wa vyuo, vinapitiwa na walimu wengine, halafu vinawekwa mtandaoni ukivuta PDF hulipi hata senti. Ngazi yenyewe inakwenda hivi, Prealgebra, Elementary Algebra, Intermediate Algebra, halafu College Algebra au Precalculus, halafu Calculus ambayo ina juzuu tatu. Kule kwao vyuo vingi vinapokea watu wazima ambao waliacha shule zamani, na baadhi yao kabla hawajafika hesabu za digrii wanapitishwa kwanza darasa la sehemu na asilimia, kwahiyo kitabu cha kujumlisha kimeandikwa kwa ajili ya mtu mzima kabisa sio mtoto. Hakuna picha za katuni wala wimbo wa kuhesabu. Unasoma na heshima yako.

Kitu kilichonishika mpaka nikaendelea ni kimoja, kila mada kabla haijaanza kuna vimaswali viwili vitatu vya kujipima kama uko tayari, na chini ya kila swali wamekuandikia ukikosa hili rudi kwenye mfano namba fulani. Sio rudi ukasome kitabu, hapana, rudi mfano huu hapa. Unarudi, unaelewa, unapanda tena. Mimi niliwahi kuwa kwenye Intermediate Algebra, nikakosa kimaswali, nikarudishwa Elementary, nako nikakosa, nikashuka mwenyewe mpaka Prealgebra kwenye sehemu, na shimo lenyewe nikalikuta pale. Hesabu inayokusumbua kalkulasi mara nyingi imevunjikia huko chini miaka mingi iliyopita, ila hakuna anayekushika mkono akupeleke pale ilipovunjikia. Haya mavitabu yanakupeleka.

Ngoja nieleze la sehemu maana ndo lilinitoa machozi kabisa. Shuleni tulianza kujumlisha sehemu, halafu ndo kuzidisha. Prealgebra sura ya nne inageuza, unaanza kuchora sehemu, unazidisha na kugawanya, kujumlisha zenye asili tofauti kunakuja mwisho. Nikashangaa, kumbe ina maana, kuzidisha hakuhitaji KDS (kigawe kidogo cha shirika), unazidisha juu kwa juu chini kwa chini basi, kujumlisha ndo kunataka utafute KDS ya zile asili. Kwahiyo kigumu kimewekwa mwisho. Na kugawanya hawaanzi na ile geuza halafu zidisha tuliyokariri, wanakuuliza kwanza, ndani ya hiki mna vile vingapi. Siku hiyo niko dukani, nikachukua misumari robo tatu ya kilo nikaweka kwenye mizani, nikaanza kuifunga nusu robo nusu robo. Mafungu sita. Robo tatu gawanya kwa moja ya nane ni sita! Nimeuza misumari miaka saba, hiyo hesabu nilikuwa naifanya kwa mikono kila siku, na kwenye karatasi sikuwahi kuiona ni ile ile.

Hapo hapo niseme kuhusu lugha maana ndo inayotuangusha wengi. Vitabu ni vya Kiingereza vyote. Sisi tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukabadilishiwa kwa ghafla, kwahiyo mtu anajua kitu ila hajui kwamba anakijua. Nilitenga daftari dogo, kushoto neno la kitabu kulia neno la darasa la nne. Denominator kumbe ndo asili. Numerator ni kiasi. Ile LCD wanayoitaja kila ukurasa ni KDS ya zile asili tu. Daftari likifika maneno kama mia na kitu unakuta husomi tena Kiingereza, unasoma hesabu. Kiingereza chenyewe ni chepesi, sentensi fupi, kwenye vitabu vitatu vya kwanza hamna ulimi wa kifalsafa.

Halafu kuna MAGAZIJUTO, ile ya kukumbuka kipi kinafanywa kwanza kwenye hesabu. Wote tumeimbishwa, mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Wamarekani nao wana sentensi yao ya shangazi Sally ya kukumbukia, Prealgebra wanaitaja. Ila wanakwambia waziwazi kwamba kuzidisha na kugawanya vina cheo kimoja, na kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, ukikutana navyo unakwenda kushoto kuelekea kulia. Chukua 20 − 8 + 5. Mimi kwa MAGAZIJUTO yangu ya kukariri nilikuwa naanza kujumlisha, 8 na 5 ni 13, ishirini toa 13 ni 7. Siyo! Ni 12 kwanza, halafu 17. Nimefanya hivyo tangu msingi na hakuna aliyewahi kunishika, alama zinakatwa tu. Na vipeo kwenye MAGAZIJUTO havimo kabisa, ndo maana mtu akiona −3² anaandika 9 wakati jibu ni −9, kipeo kimeshika 3 peke yake, ukitaka 9 lazima −3 iwe ndani ya mabano. Kosa hilo dogo linakufuata mpaka kwenye kalkulasi, unafanya hatua zote sawa halafu jibu linakuja limegeuka alama.

Namba hasi wanafundisha kwa vidude vya rangi mbili, bluu chanya nyekundu hasi, moja ya bluu na moja ya nyekundu zinafutana. Mi nilitumia vifuniko vya soda. Ile ya kutoa hasi inakuwa chanya niliielewa kwa njia ya dukani, mteja ana deni la 5,000, bosi akilifuta lile deni, mteja hajapewa hela mkononi ila hali yake imepanda kwa 5,000. Kuondoa deni ni kuongeza. Basi.

Asilimia msiruke hata kama mnadhani mnajua, hasa nyie wenzangu wa uhasibu. Kopo la rangi linauzwa 59,000 VAT imo ndani, asilimia 18. Ukiulizwa VAT ni shilingi ngapi, mkono unakimbilia kupiga 59,000 mara 0.18 unapata 10,620, umekosa. Ile 18 ni ya bei kabla ya kodi. Unagawanya 59,000 kwa 1.18 unapata 50,000, VAT ni 9,000. Kitabu hakina VAT yetu, kina kodi ya mauzo ya kwao, ila ukishaweka mlinganyo wa asilimia vizuri unaupeleka popote.

Hapo ndo nianze na madhaifu. Mifano ni ya Marekani tupu. Maili, futi, galoni, joto la Fahrenheit, na kwenye Elementary Algebra kuna mada nzima ya sarafu, nickel, dime na quarter, na wewe uliyeko Chang'ombe au Kizota hujui dime ni senti ngapi, kwahiyo swali unalikosa kabla hesabu haijaanza. Nickel ni senti 5, dime 10, quarter 25, andikeni mahali. Mi nilichofanya nikawa nabadilisha swali zima kuwa la kwetu. Kwenye droo kuna sarafu 40, za 200 na za 500, jumla 12,500, za 500 ziko ngapi. Unaita x, zile za 200 zinakuwa 40 − x, unapata 500x + 200(40 − x) = 12,500, ukifungua mabano 300x + 8,000 = 12,500, x ni 15. Kulibadilisha swali kwa mkono wako inakula muda lakini ukishaweza kulitunga mwenyewe kwa shilingi ujue mada umeimaliza.

Dhaifu lingine, majibu nyuma ya kitabu cha College Algebra na cha Calculus ni ya namba witiri tu, 1, 3, 5, 7. Namba shufwa hamna, hizo wanaachiwa walimu kwa ajili ya kazi za darasani. Ukijisomea peke yako fanya witiri, shufwa fanya na mwenzio mlinganishe.

Elementary na Intermediate sitakaa sana. Ni nzuri, zina hatua moja moja upande wa kushoto maelezo upande wa kulia alama, kila mfano una mingine miwili ya kujaribu papo hapo. Zinarudiana sana, ukishamaliza Elementary ukaiva kwenye kufaktaraizi (kuvunja usemi kuwa vitu vinavyozidishana) na kwadratiki (milinganyo yenye x²), Intermediate utaikimbia nusu ya kwanza. Msiruke sura ya kufaktaraizi tu, narudia msiruke, maana kwenye limiti za kalkulasi ndo kila kitu.

College Algebra na Precalculus ni za mwandishi mkuu mmoja, Jay Abramson, na sura nyingi zinafanana, kwahiyo usisome zote mbili. Kama unaishia kwenye hesabu za biashara chukua College Algebra. Kama unakwenda kwenye kalkulasi yenyewe chukua Precalculus maana ndani yake mna trigonometria. Hapa mjiandae, ngazi inapanda ghafla. Vitabu vitatu vya chini vinakushika mkono, hivi vinakuachia utembee, hatua zinarukwa, maneno yanaongezeka. Nilikaa wiki sita nzima kwenye sura ya fankisheni (kanuni inayokupa namba moja kwa kila namba unayoingiza) peke yake.

Kilichonifurahisha humo ni sura ya vipeo na logi. Tunajua mikopo ya kausha damu ilivyowamaliza kina mama sokoni. Chukua laki moja kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hujalipa chochote, riba inazaa riba. Kichwani mtu anasema miezi 12 ni asilimia 120, kwahiyo deni ni 220,000. Ukipiga 1.1 kipeo cha 12 unapata 3.138, deni limefika kama 313,800. Hiyo tofauti ya tisini na kitu elfu ndo damu yenyewe. Nilimwonyesha mama mmoja anayeuza mboga karibu na duka letu, nikamchorea na grafu inavyoanza kulala halafu inasimama, akaiangalia muda mrefu akaniomba ile karatasi akaenda nayo.

Sasa Calculus Volume 1. Waandishi wakuu ni Gilbert Strang, aliyefundisha chuo cha MIT Marekani, na Edwin Herman, ina sura sita, fankisheni, limiti, kudiferenshieti, matumizi yake, integresheni, na matumizi yake. Nilikiogopa lakini nikakikuta kimenyooka. Limiti wanaanza kwa jedwali, unasogea karibu, unasogea karibu zaidi, unaona namba inaelekea wapi. Kuna kipengele cha 2.5 cha maana kamili ya limiti, kile kina epsiloni na delta, nilikisoma mara tatu hakiingii nikakiacha nikasonga, nimekirudia juzi ndo kimeanza kufunguka, kwahiyo kisikukwamishe.

Kudiferenshieti nilikuelewa kwenye treni. Nilikuwa nakwenda Dar kwa SGR, simu ina ile programu ya kuonyesha spidi kwa GPS. Treni inaruhusiwa kufika 160 kwa saa, na kuna vipande namba inapanda kweli, ikikaribia stesheni inashuka mpaka sifuri. Nikichukua umbali wote nikagawa kwa muda wote napata wastani, mdogo kabisa kuliko ile namba kubwa niliyoiona. Nikichukua dakika moja tu, umbali wa dakika ile nikagawa kwa dakika ile, nasogea karibu na kile simu inachosema. Sekunde moja, karibu zaidi. Hiyo ndo dy/dx niliyoinakili wiki tatu bila kuijua, ni spidi ya pale pale, unapata kwa kubana muda mpaka unakaribia sifuri bila kuwa sifuri. Nilitamani niwaambie abiria wa pembeni.

Na ile ya kutafuta kikubwa na kidogo, iliyonipa sapu, iko sura ya nne kipengele cha 4.7. Wanaanza na bustani ina ukuta wa mawe upande mmoja, una waya futi 100 wa kuzungushia pande tatu, eneo kubwa kabisa ni lipi. Nikaibadilisha ikawa ya shangazi kule Ihumwa, anataka uzio wa kuku, ukuta wa nyumba upo tayari, waya alionunua ni mita 24. Yeye na fundi walishapanga mita 8 kila upande, mraba, eneo mita za mraba 64. Nikakaa na daftari. Pande mbili zinazotoka ukutani ziite x, ule unaobaki ni 24 − 2x, eneo ni 24x − 2x². Diferenshieti, 24 − 4x, iweke sawa na sifuri, maana pale kwenye kilele eneo haliongezeki wala halipungui, x ni 6. Kwahiyo 6 kwa 12, eneo 72. Waya ule ule, mita nane za mraba zimeongezeka bure. Fundi hakukubali mpaka tukapima kwa kamba chini, mita kwa mita, tukahesabu. Uzio uko hivyo mpaka leo.

Mambo ya kupata na kuprinti. Prealgebra peke yake inavuka kurasa 1,000, ukiprinti yote kwa shilingi 50 ukurasa umeshazidi elfu hamsini, kwahiyo mi nilikuwa naprinti sura moja moja, mbele na nyuma, nikimaliza ndo naprinti nyingine. Kunakili na kugawiana kunaruhusiwa na leseni yao, hamuibi, vile vya aljebra wameviacha wazi kabisa, cha Calculus nacho unaruhusiwa kugawa ila sio kukiuza, na kutaja kimetoka wapi ni lazima. PDF zake ni nzito, vuta usiku kama una bando la usiku au mwombe mtu mwenye WiFi akuwekee kwenye flashi. Video za Khan Academy nazo ni nzuri na ni bure, mada ukikwama ziangalie, ila kwa bando zetu siwezi kusema usome zote kwa video.

Muda wangu ulikuwa saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na mbili na nusu kabla ya kufungua duka, mwezi wa saba baridi ya hapa mnaijua, nasoma na blanketi. Sapu niliifanya nikiwa nimefika Precalculus nimechungulia sura ya tatu na ya nne ya Calculus, nikatoka na B. Nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu nimeikata kwa ajili ya maili na dime na ule mruko kati ya Intermediate na College.

Jumamosi jioni tunakaa wanne kwenye baraza ya duka baada ya kufunga, wawili ni wenzangu wa chuo, mmoja ni yule mama wa mboga. Alikuja kuuliza ile grafu imetokea wapi. Tuko Prealgebra 4.3, sehemu mchanganyiko, na vifuniko vya soda bado tunavyo.